Mgomo Tulioufanya Bila Kujua

Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini nilipogundua, kwa kusoma kitabu, kwamba niliwahi kushiriki mgomo.

Kitabu nilikipata Majengo, mjini Sumbawanga, kwenye duka lililouza betri, madaftari, sabuni za kila rangi na vitabu vichache vilivyopangwa nyuma ya mifuko ya chumvi. Mwenye duka aliniambia vilikuja na mzigo wake kutoka Mbeya bila yeye kuviagiza, na kwamba kama mimi ni mwalimu basi nimwondolee kimojawapo. Kilikuwa historia ya nchi yetu, kimeandikwa na mhadhiri wa Dar es Salaam, kinaanzia uhuru na kuishia kwenye mageuzi, yaani karibu na jana. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya wakulima wenye afya nzuri sana. Nilikuwa nafundisha historia sekondari hapo hapo Sumbawanga, na vitabu vyetu vya shule viliishia pale wakoloni wanapofunga mizigo, kwa hiyo wanafunzi wangu walimaliza masomo wakiamini kwamba baada ya hapo hakuna kilichotokea. Nikakinunua.

Kusoma historia ya mambo uliyoyaona kwa macho yako ni kazi tofauti na kusoma habari za Warumi. Warumi siwezi kuwabishia. Lakini mhadhiri anapoandika kwamba katika miaka fulani wananchi walikabiliwa na upungufu wa bidhaa muhimu, mimi ni mmoja wa wananchi hao, na bidhaa muhimu ninaikumbuka ilikuwa sabuni. Nina tabia ya kusoma na penseli mkononi, ni ugonjwa wa kazi, nikaandika pembeni: sabuni. Kisha nikaona haitoshi, nikaongeza: tulifulia majani ya mpapai. Mbele kidogo kitabu kinasema soko huria lilileta ahueni. Nikaandika: kwa nani? Baadaye nikafuta, kwa sababu suruali niliyokuwa nimevaa nilikuwa nimeinunua kwenye mitumba wiki ile ile na ilikuwa suruali nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Kuna mambo hakuyagusa kabisa. Hakuna ukurasa unaoeleza ni siku gani viongozi waliacha kuitwa Ndugu wakaanza kuitwa Waheshimiwa. Mimi nilikuwepo na sikuiona siku hiyo ikipita. Jumatatu ulimwita mtu Ndugu, akaitikia. Baada ya muda ukamwita Ndugu, akakutazama.

Nikafika kwenye ukurasa wa Rukwa. Ulikuwa mmoja, na nusu yake ilikuwa ramani.

Kinasema, kwa maneno mengi kuliko haya, kwamba pale serikali ilipoanza kulegeza biashara ya mazao, ofisa mmoja alizunguka vijijini kuwaeleza wakulima mabadiliko. Bondeni, Muze, alipokelewa kwa shangwe. Lakini juu, kwenye uwanda wa Ufipa, kijiji kimoja kilichopo njia ya Namanyere kiligoma. Wananchi wote walisusia mkutano wa mwenyekiti wao, wakakusanyika ng'ambo ya mto na kuimba nyimbo za kupinga. Mhadhiri anaona hiyo ilikuwa dalili ya mapema kwamba watu walikuwa wamechoka kuongozwa kwa namna ya zamani.

Niliusoma ukurasa ule nikiwa nimesimama. Kijiji kile ndiko nilikozaliwa. Mwenyekiti aliyesusiwa ni baba yangu. Ng'ambo ya mto ni shamba la mama yangu. Na katika wananchi waliokusanyika kuimba nyimbo za kupinga, wa tatu kutoka kushoto, nikiwa na jembe la kuazima, nilikuwa mimi.

Yaliyotokea ni haya. Kwetu Ufipa hatulimi kwa kutifua tu. Mvua zinapokaribia kuisha, nyasi zikiwa bado mbichi na udongo laini, tunazikata nyasi, tunazilaza kwa mviringo na kuzifunika kwa udongo, linakuwa tuta la duara linalofika magotini. Tunaliita ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani, maharage yanapandwa juu, na mwaka unaofuata tuta linasambazwa na kupandwa ulezi au mahindi. Mbolea ya dukani ikija inakuja, isipokuja hatuilaumu serikali sana. Lakini ntumba ni kazi ya mgongo, na mtu mmoja hawezi kumaliza shamba kabla ardhi haijakauka. Kwa hiyo mwenye shamba anapika pombe ya ulezi na kuwaita majirani. Wanakuja asubuhi na majembe yao, wanalima wakiimba, kisha wanakunywa. Asiyekuja kwako bila sababu, na wewe huendi kwake. Hakuna anayesimamia utaratibu huu na haujawahi kuharibika.

Pombe ndiyo inayopanga siku. Ikishaiva ni leo. Kesho ni siki. Mama alikuwa amehesabu iive Jumanne, kwa sababu mkutano wa baba ulikuwa Alhamisi na yeye si mtu wa kumharibia mumewe. Lakini juma lile ukungu ulishuka, baridi ikawa ile ya mtu kula akiwa amejifunika blanketi, na pombe kwenye baridi haina haraka. Jumanne ilikuwa uji. Jumatano ilianza kufikiria. Alhamisi alfajiri ilikuwa imeiva, na mama akaenda kumweleza baba.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja likizo kwa sababu mama akiita kwenye ntumba, mtoto wa kiume haulizi. Baba alikuwa anapiga pasi koti lake, pasi ya mkaa, na alimsikiliza mama bila kunyanyua kichwa.

"Mgeni wako ameandika atafika saa ngapi?" mama aliuliza.

"Saa nne."

Wakatazamana, wote wawili wakatabasamu kidogo. Katika miaka yote ya uenyekiti wa baba hakuna mgeni kutoka juu aliyewahi kufika siku aliyosema, achilia mbali saa. Magari yalikuwa mabovu, petroli haikuwepo, daraja lilikuwa limebebwa. Mkutano wa saa nne ulianza alasiri kama mgeni ana bahati, na kama hana ulianza kesho yake.

"Nendeni mkalime," baba alisema. "Mkimaliza kipande cha kwanza watu waoshe miguu, waje. Hatafika kabla ya alasiri."

Nililisikia hilo kwa masikio yangu mwenyewe, na nalieleza hapa kwa sababu baadaye lilipotea.

Ofisa yule alifika saa nne kamili. Alikuwa kijana, ana saa ya mkononi, na alikuwa amepewa gari jipya la msaada ambalo halikujua bado kwamba barabara ya Namanyere haipitiki. Kitabu hakilitaji gari. Mimi naona gari ndilo lililoleta mgomo.

Sisi tuliliona. Tulikuwa ng'ambo, tumeinama, ukungu umeanza kuachia, tukaona gari jeupe linapanda kilima kuelekea ofisi ya kijiji. Mtu mmoja akanyoosha mgongo akasema hilo ni la misheni, padri anakwenda kumpaka mafuta mgonjwa. Tukakubaliana naye wote, kwa kuwa magari ya misheni peke yake ndiyo yaliyokuwa yanafika saa hizo. Tukaendelea kuimba. Ulikuwa wimbo wa mwanamume mvivu aliyejificha ndani ya kihenge cha ulezi ili asiitwe kulima, mpaka mkewe akaja kuchota ulezi wa pombe akamchota na yeye. Ni wimbo mzuri wa kulimia kwa sababu kila anapochotwa jembe linashuka.

Juu kwenye ofisi ya kijiji baba alikuwa amepanga mabenchi. Meza ilikuwa na kitambaa. Aliyekuwa amekaa kwenye mabenchi ni jirani yetu mmoja mwenye mguu mbaya, ambaye hakuweza kulima na kwa hiyo hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Yule mgeni alisubiri. Akatazama saa. Akauliza watu wako wapi. Sauti zetu zilikuwa zinafika pale juu vizuri kabisa, na jirani alinisimulia baadaye mazungumzo yalivyokwenda.

"Wale kule ni nani, Mwenyekiti?"

"Ni wananchi."

"Wanaimba nini?"

Baba alikuwa na majibu mawili. Angeweza kusema wamealikwa na mke wangu kwenye pombe, nami niliwaruhusu. Au angeweza kusema lile alilosema.

"Sifahamu, Ndugu."

Mgeni akafunga mkoba, akaenda Muze. Huko kuteremka ile milima kulimchelewesha hadi siku iliyofuata, watu wakapata muda wa kukusanyika na kuchinja mbuzi, akapokelewa kwa shangwe. Ndivyo bondeni na juu tulivyotofautiana kisiasa. Alichokuwa amekuja kutueleza, nisisahau, ni kwamba sasa tunaruhusiwa kumuuzia mahindi mtu yeyote tunayemtaka. Tulikuwa tukifanya hivyo tangu zamani.

Mchana baba alishuka hadi shambani akiwa na koti lake. Tulimshangilia. Mtu mmoja akamletea pombe kwenye kata, baba hakuipokea.

"Mgeni amekuja," alisema. "Ameshaondoka."

Watu wakacheka sana, walidhani ni utani. Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama usoni.

Miezi michache baadaye baba aliambiwa apumzike, akachaguliwa mwingine. Hakulalamika kwa mtu yeyote. Watu waliokuwa wakimwita Mwenyekiti wakaanza kumwita mzee, kwa heshima ile ile, na yeye akaitikia. Ila hakukanyaga tena ng'ambo ya mto. Shamba lililokuwa letu likawa "shamba la mama yenu". Alipoulizwa kama maharage yamechanua alijibu, "Kamuulizeni mwenye shamba." Maharage yenyewe aliyala, hilo nisimsingizie.

Na mama hakupika tena pombe. Hakuna aliyemkataza. Vyungu vikageuzwa vikawa vya kutagia kuku. Bila pombe huwezi kuwaita watu, na bila watu huwezi kumaliza ntumba, kwa hiyo kila mwaka alipiga matuta machache kuliko mwaka uliopita, yeye na dada zangu, kisha yeye peke yake dada zangu walipoolewa, na nyasi zikawa zinateremka kutoka kilimani zikichukua shamba mstari kwa mstari. Hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana. Walisemezana kwa adabu kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta, na iliniuma kila nilipokwenda nyumbani, iliniuma kiasi kwamba nyakati nyingine nilitafuta sababu nisiende.

Hayo yote kitabu kiliyafupisha kwa neno moja, mgomo. Nikachukua penseli nikaandika pembeni, kwa kukandamiza: SI KWELI. ILIKUWA POMBE. Nikaamua nitamwandikia mhadhiri. Mwalimu wa historia hawezi kuona kosa kama hilo akalala.

Kulikuwa na tatizo moja. Kile kitabu nilikuwa namsomea baba.

Macho yake yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho, na hospitali alikuwa akisema atakwenda baada ya mavuno, bila kutaja ya mwaka gani. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kutoka mjini nikakaa naye uani kumsomea. Zamani yalikuwa magazeti ya juma lililopita. Sasa ikawa historia. Aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa, na mara kwa mara ananyanyua kidole.

"Hapo amepunguza," anasema.

Tulipofika kwenye habari za kuhamia vijijini, akauliza zimechukua kurasa ngapi. Nikamwambia moja na kidogo.

"Moja? Kushusha paa la nyumba yetu peke yake kungejaza hiyo."

Mama alikuwa daima yupo karibu, ana ungo wa maharage, anachambua. Hakuwahi kusema lolote juu ya kitabu. Lakini nilijifunza kuusikiliza ule ungo. Kuna mahali ulikuwa unanyamaza.

Na kila Jumamosi, kabla sijafunga, baba aliuliza swali moja.

"Sisi tumo?"

"Tuko mbele, Baba."

Nilitaka kuuruka ukurasa wa Rukwa. Niliona aibu yangu na hasira yangu kwa mhadhiri zinanitosha, sikuhitaji kumkalisha mzee asiyeona, mbele ya mkewe, nimsomee kwamba aliingia kwenye historia ya nchi akiwa mwenyekiti aliyekimbiwa na kijiji kizima. Nilijua lile donda lilivyo. Kwa hiyo Jumamosi ilipofika nilisoma ukurasa unaotangulia hadi mwisho, nikageuza karatasi mbili pamoja, nikaendelea kwenye habari za bandari ya Dar es Salaam kwa sauti ile ile.

Kidole kikanyanyuka.

"Umeruka."

"Sijaruka, Baba."

"Nimeendesha vikao maisha yangu yote. Katibu akiruka ajenda namjua hata nikiwa nimesinzia. Umeruka."

"Ni takwimu tu."

"Zisome hizo takwimu."

Nikarudi nyuma. Nikausoma ukurasa wa Rukwa wote, pamoja na maelezo ya ramani, kwa matumaini kwamba ramani ingemchosha. Haikumchosha. Nilipofika kwenye mgomo nilisoma haraka, na yeye akanisimamisha, akaniambia nirudie polepole. Nikarudia. Ungo ulikuwa umenyamaza tangu neno Namanyere.

Upepo ulikuwa unavuma kwenye mikaratusi ya nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Waligoma," alisema.

Niliweka kidole kwenye mstari.

"Kijiji kizima kiligoma. Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo, Baba."

"Kumbe walinigomea." Akavuta blanketi mabegani. "Mimi miaka yote hii nilijua wamenisahau tu."

Sikuwahi kulisikia hilo kwake. Sikuwahi hata kulifikiria. Nilidhani anachokichukia ni pombe, au shamba, au cheo kilichopotea, kumbe alikuwa bado amekaa kwenye yale mabenchi na jirani mwenye mguu mbaya, anasikiliza watu wake wanavyofurahi bila yeye. Nikajifanya natafuta mahali tulipoishia.

Baba akageuza uso kuelekea upande wa ungo.

"Mama watoto. Wewe ulijua kwamba waligoma?"

Ieleweke kwamba pale uani tulikuwa watu watatu, na wote watatu tulikuwa tunajua kila kitu. Baba ndiye aliyesema nendeni mkalime. Mama ndiye aliyepika. Mimi nililima na nikanywa. Na mama yangu ni mtu anayekwenda kuungama kwa sababu ya mawazo. Sijawahi kumsikia akisema uongo, hata ule wa kumfariji mgonjwa.

Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitazama, akakitupa.

"Nilijua," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Waliniapisha."

Baba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea taarifa ya kamati. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwemo?"

"Kitabu kinasema hivyo, Baba."

"Mtoto wangu wa kuzaa," alisema, na siwezi kuapa, lakini niliisikia kwenye sauti yake kitu kilichokaribia kuwa fahari. "Haya. Endelea na bandari."

Niliporudi mjini jioni ile niliiandika sentensi ya kwanza ya barua kwa mhadhiri. Ilikuwa sentensi kali. Ya pili haikuja.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama peke yake uani. Kiti cha baba kilikuwa kitupu na blanketi limekunjwa juu yake. Nikauliza yuko wapi, nikaogopa kidogo. Mama akaonyesha kwa kidevu.

Alikuwa ng'ambo ya mto. Ilikuwa ndio msimu wenyewe, mvua zimebaki chache na nyasi bado mbichi, na baba alikuwa ameinama kwenye shamba la mama yetu anapiga ntumba. Alikuwa akifanya kwa kupapasa. Anakata nyasi, anaziweka, anazigusa kwa mkono kuona zimelalaje, ndipo anachukua jembe. Kwa hatua zake tuta moja lingemchukua hadi adhuhuri.

"Ameanza lini?"

"Jumatatu. Mtoto wa jirani humvusha mtoni, kisha baba yako humfukuza." Alikuwa hamwondolei macho. "Mwanangu, kile kitabu."

"Nimekuja nacho."

"Mle pembeni kuna penseli. Niliiona ulipokuwa unasoma. Pale petu uliandika nini?"

Mama hakusoma shule, lakini alinilea mimi na penseli zangu. Nikamwambia. Niliandika kwamba si kweli, ilikuwa pombe.

"Futa."

"Mama, mimi ni mwalimu wa historia."

"Najua. Kwa pombe yangu ulisoma."

Nikafungua kitabu magotini, nikatoa kifutio. Nilikuwa nimekandamiza sana, maneno yakatoka lakini mistari ikabaki imezama kwenye karatasi, na mtu akiinamisha ukurasa kwenye mwanga anaweza kuyasoma bado. Mama aliinama akakagua, akaridhika. Kwake ilikuwa imefutika.

Kisha akainuka, akafunga khanga kiunoni na kuchukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani. Alipopita nyuma ya nyumba alisimama kwenye gunia lililotandazwa kivulini na kuwekewa mawe, akaliinua upande mmoja kuchungulia. Chini yake kulikuwa na ulezi. Ulikuwa umeloweshwa na umeanza kutoa vichipukizi vyeupe, kimea cha wiki hiyo hiyo, na ile harufu sikuwa nimeisikia nyumbani kwetu tangu siku ya mgomo.

"Anaacha majani nje," alisema akitazama ng'ambo. "Tuta litapasuka." Akateremka kwenda mtoni, na baada ya kitambo nikawaona wawili, yeye akilaza nyasi na baba akifunika.

Barua kwa mhadhiri sikuiandika. Kile kitabu bado ninacho na darasani nilikitumia. Nilipofika kwenye ukurasa wa Rukwa niliwasomea wanafunzi kama ulivyo, na mmoja alipouliza kama kuna ushahidi nikamwambia upo, mimi namfahamu mgomaji mmoja.

Pombe iliiva siku mama aliyoihesabu, kwa kuwa baridi mwaka huo haikuwa na nguvu. Majirani walikuja na majembe, wengi wakiwa wamezeeka, wengine wametuma watoto wao. Walilima kipande kilichokuwa kimechukuliwa na nyasi, wakauimba wimbo wa mwanamume wa kihenge, na wachache walikuwa wameusahau mwisho wake. Walipokaa kunywa, baba akasimama. Alikuwa amevaa koti. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe kwa kupapasa, na sehemu moja alikuwa ameiunguza.

"Ndugu zangu," alisema, "nimesomewa kwenye kitabu kwamba mwaka ule mlinigomea."

Watu wakatazamana. Kila mzee pale alikuwa anakumbuka vizuri alichofanya siku ile, na alikumbuka gari jeupe na padri. Mama aliendelea kuchota pombe, mgongo wake ametuelekezea sisi.

Aliyejibu ni yule jirani mwenye mguu mbaya. Alikuwa amebebwa kwa baiskeli kuja kunywa tu, na mguu alikuwa ameunyoosha juu ya tuta.

"Kweli, Mwenyekiti," alisema. "Tulikugomea sana."

Yeye ndiye mtu pekee aliyehudhuria ule mkutano. Mama akamletea baba kata, akaishika mikono yake akaizungusha kwenye kata hiyo, na baba akanywa.